Zahanati za mitaani: Cheti chajaa dawa, mgonjwa abeba gharama

MTOTO mwenye homa na kikohozi akifikishwa katika zahanati ya mtaani jijini Dar es Salaam, iwe Manzese, Mbagala au Tandika, mara nyingi mzazi wake hutoka na mfuko wenye dawa tatu au nne: ya kushusha homa, ya kikohozi, antibiotiki, na pengine vitamini ya kuongeza hamu ya kula. Hutoka pia na risiti. Lililo adimu ni maelezo ya kwa nini kila moja ya dawa hizo iliandikwa.

Kwa muda mrefu mjadala wa dawa nchini umekuwa ni mjadala wa upungufu. Wabunge huuliza kwa nini dawa hazipo, mawaziri hujibu kwamba fedha zimepelekwa Bohari ya Dawa (MSD), na wananchi hulalamika kuwa wameambiwa wakanunue nje. Malalamiko hayo yana msingi. Lakini upo upande wa pili ambao hauzungumzwi sana, nao ni wa dawa zinazoandikwa pasipo sababu ya kitabibu, zikalipiwa na mgonjwa au mfuko wa bima, na zisimponye mtu yeyote kwa kuwa ugonjwa wenyewe haukuzihitaji.

Ushahidi wa jambo hilo haukutoka mbali. Umekusanywa hapa hapa nchini kwa zaidi ya miaka 20.

Mwaka 2004 lilichapishwa katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Watafiti walifuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Damu yao ilipochunguzwa upya kwa uangalifu, waliokutwa na vijidudu vya malaria walikuwa 2,062 tu, yaani asilimia 46. Zaidi ya nusu walikuwa wakitibiwa ugonjwa ambao hawakuwa nao, huku ugonjwa uliowalaza ukiendelea kuwasumbua bila tiba.

Wakati huo gharama ya kosa hilo bado ilionekana ndogo. Klorokwini ilikuwa dawa ya bei nafuu mno, na hata ilipoondolewa mwaka 2001 kwa sababu ya usugu, dawa ya SP iliyoshika nafasi yake haikuwa mzigo mkubwa. Hesabu zilibadilika mwishoni mwa mwaka 2006 Serikali ilipohamia dawa mseto, ALu. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu, na bei yake bila ruzuku ilikuwa mara nyingi zaidi ya ile ya klorokwini. Kumpa dawa mseto kila mwenye homa likawa jambo ambalo hazina ya nchi, hata kwa msaada wa wafadhili, isingeweza kulibeba daima.

Ndipo kikaja kipimo cha haraka cha malaria, kile kinachohitaji tone moja la damu na dakika zisizozidi 20. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Matarajio yalikuwa kwamba kipimo kikisema hakuna malaria, dawa zitapungua na gharama itashuka.

Yaliyotokea Dar es Salaam yanastahili kusomwa mara mbili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, vituo vya afya vya jiji vilivyopewa vipimo hivyo vilipunguza matumizi ya dawa za malaria kutoka wagonjwa 75 katika kila 100 hadi 20. Hayo ni mafanikio ambayo si rahisi kuyapata katika sekta ya afya. Lakini katika vituo hivyo hivyo, wagonjwa walioandikiwa antibiotiki waliongezeka kutoka 49 katika kila 100 hadi 72. Mkono ulioacha kuandika dawa ya malaria haukutulia. Ulihamia mstari wa chini na kuandika dawa nyingine.

Je, wagonjwa hao walihitaji antibiotiki? Jibu lilikuja miaka mitatu baadaye. Watafiti waliwachunguza kwa kina watoto 1,005 waliofika kutibiwa homa Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008, wakatumia vipimo ambavyo zahanati ya kawaida haiwezi kuwa navyo. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kuwa watoto saba katika kila kumi walikuwa na ugonjwa unaosababishwa na virusi. Malaria ilikuwa karibu sehemu moja tu ya kumi ya magonjwa yote yaliyobainika. Maambukizi ya njia ya mkojo yalikuwa asilimia 5.9, na homa ya matumbo asilimia 3.7.

Takwimu hizo mbili za mwisho ni za kutazamwa na kila aliyewahi kutoka maabara ya mtaani na karatasi iliyoandikwa kwamba ana "malaria, taifodi na UTI" kwa mpigo. Utatu huo umekuwa wa kawaida kiasi cha kuzua utani mitaani. Kipimo cha Widal kinachotumika sana kutafuta taifodi huangalia kinga ambayo mwili huijenga, na kinga hiyo inaweza kubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha au kutokana na maambukizi mengine. Njia ya kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, kazi inayochukua siku kadhaa na isiyofanyika katika zahanati. Kwa hiyo mgonjwa hulipia kipimo chenye jibu la mashaka, kisha hulipia dawa kwa ushahidi wa jibu hilo.

Virusi haviuawi na antibiotiki. Hilo ni somo la mwaka wa kwanza katika chuo chochote cha tiba, na hakuna sababu ya kudhani kwamba tabibu wa zahanati hulijua kinadharia tu. Analijua. Tatizo liko katika mazingira anamofanyia kazi.

Chanzo cha kwanza ni fedha. Tiba binafsi ya kibiashara ilipigwa marufuku nchini mwaka 1977 na kuruhusiwa tena mwaka 1991. Tangu hapo zahanati za watu binafsi zimeota katika kila kona ya miji. Nyingi huendesha chumba cha daktari, maabara na dirisha la dawa chini ya paa moja. Ada ya kumuona daktari haiwezi kupandishwa sana kwa kuwa jirani naye ana zahanati. Kodi ya pango, mishahara, umeme na leseni vinapaswa kutoka mahali fulani, na mahali penyewe ni maabara na dirisha la dawa. Anayeandika cheti na anayenufaika na cheti wako katika daftari moja la mapato. Hakuna haja ya kudhani kwamba kuna nia mbaya; mfumo wenyewe humlipa anayeandika sana na kumwadhibu anayeandika kidogo.

Katika vituo vya Serikali hakuna motisha ya namna hiyo, na bado antibiotiki huandikwa kwa wingi. Hapo sababu ni nyingine. Tabibu mmoja huona msururu wa wagonjwa asubuhi nzima. Mtoto aliyefika leo pengine hatarudi, kwa kuwa mama yake ametoka mbali au hana nauli ya pili. Tabibu akimrudisha nyumbani na dawa ya homa pekee kisha mtoto akazidiwa na nimonia, lawama zitakuwa zake. Akimwandikia antibiotiki isiyohitajika, hakuna atakayemuuliza. Kati ya makosa hayo mawili, la pili ndilo lisilo na adhabu.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Wapo wanaopima ubora wa daktari kwa uzito wa mfuko wa dawa, na wanaoamini kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge hata kama dawa ni ile ile. Mama aliyeambiwa kuwa mafua ya mwanawe yatakwisha yenyewe baada ya siku chache anaweza kuvuka barabara hadi duka la dawa na kuomba "kidonge cha rangi mbili" bila cheti chochote. Maduka ya dawa muhimu (DLDM), yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili kuchukua nafasi ya yale ya dawa baridi, yameruhusiwa kuuza baadhi ya antibiotiki kupitia wauzaji waliopata mafunzo. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa vijijini duka hilo ndilo lililo karibu kuliko kituo cha afya. Mjini, ambako zahanati, famasi na duka vinatazamana, hali ni tofauti kabisa.

Nusu dozi nayo haitajwi vya kutosha. Mwenye fedha pungufu hununua vidonge vya siku mbili badala ya vitano, akipata nafuu huacha. Bakteria dhaifu hufa, walio sugu hubaki. Mwaka 2022 jarida la Lancet lilichapisha makadirio kwamba watu milioni 1.27 duniani walikufa mwaka 2019 kutokana moja kwa moja na maambukizi ya bakteria sugu, na kwamba eneo la Afrika kusini mwa Sahara, hususan Afrika Magharibi, ndilo lenye mzigo mkubwa zaidi kwa idadi ya watu. Tanzania ilitoa mpango wake wa kwanza wa kitaifa wa kupambana na usugu mwaka 2017, na wa pili ukaanza mwaka 2023.

WHO iliziweka antibiotiki katika makundi mwaka huo huo wa 2017: zile za kuanzia, kama amoksisilini na doksisaiklini, zile za kuangaliwa, kama siprofloksasini, azithromaisini na seftriaksoni, na zile za akiba kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa. Mchanganyiko wa ampisilini na kloksasilini, ambao jina lake la biashara la Ampiclox halihitaji kufafanuliwa kwa mkazi wa mjini, umo katika orodha ya michanganyiko ambayo WHO haipendekezi itumike. Mwezi Septemba 2024, viongozi wa nchi waliokutana katika Umoja wa Mataifa walikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030, angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu duniani ziwe za kundi la kuanzia. Dawa za kundi hilo kwa kawaida ndizo za bei nafuu. Tabibu anayemwandikia mgonjwa wa kikohozi sindano za seftriaksoni za siku tano, kwa hiyo, hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: hupandisha bili na huchoma akiba ya hospitali ya rufaa.

Inawezekana kufanya vinginevyo? Matokeo ya utafiti mwingine wa Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2017, yanaonyesha kwamba inawezekana, tena kwa kiwango ambacho wengi wasingekitarajia. Watafiti waliwagawa watoto wa kati ya miezi 2 na 59 wenye homa katika makundi. Katika kundi moja, matabibu waliongozwa na programu ya kompyuta ya mkononi iliyowauliza maswali hatua kwa hatua na kuwapa vipimo vichache vya papo hapo, kikiwamo cha kiwango cha oksijeni katika damu. Antibiotiki ziliandikwa kwa watoto 11.5 katika kila 100. Katika kundi lililofuata mwongozo wa aina nyingine ilikuwa 29.7. Katika huduma ya kawaida, isiyoongozwa na kifaa chochote, ilikuwa 94.9.

Watoto 95 katika kila 100. Na waliopewa dawa chache hawakuumia: walioshindwa kupona ndani ya siku saba katika kundi la programu walikuwa asilimia 2.3, wakati katika kundi la mwongozo mwingine walikuwa asilimia 4.1.

Pengine angetokea wa kusema kwamba hayo ni matokeo ya utafiti, ambako kila kitu husimamiwa kwa karibu. Programu iliyoendelezwa kutokana na ile ya kwanza ilijaribiwa katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro, katika mazingira yanayokaribia zaidi yale ya kila siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha antibiotiki kwa asilimia 23.2 ya watoto pale ilipotumika, dhidi ya asilimia 70.1 pale ambapo haikutumika. Kupona kulikuwa sawa.

Sasa ligeuzwe jambo hilo kuwa fedha. Chukua mfano wa zahanati inayoona watoto 20 wenye homa kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hao ni watoto 520. Kwa viwango vya Mbeya na Morogoro, tofauti kati ya asilimia 70 na 23 ni takribani dozi 244 za antibiotiki kila mwezi ambazo zingebaki rafuni. Kila msomaji anaweza kuzizidisha kwa bei aliyolipa mara ya mwisho alipompeleka mtoto kutibiwa. Halafu azizidishe kwa idadi ya zahanati anazozijua katika kata yake.

Nani analipa? Wakati Serikali ilipopeleka bungeni muswada wa bima ya afya kwa wote mwaka 2022, takwimu zilizotolewa zilionyesha kuwa takribani Watanzania 15 tu katika kila 100 ndio waliokuwa na bima ya aina yoyote. Waliobaki hulipa kutoka mfukoni. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza wamesamehewa kwa mujibu wa sera, lakini msamaha huo huishia dirishani pale dawa inapokosekana. Mzee mwenye shinikizo la damu aliyeambiwa akanunue nje hurudi kuwa mteja kama wengine, naye atanunua kila mwezi maisha yake yote. Inauma zaidi kufikiri kwamba fedha zilizonunua antibiotiki za mafua zingeweza kununua dawa zake za presha.

Kwa wenye bima, mlipaji ni Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), unaochangiwa na watumishi kwa asilimia sita ya mshahara, nusu ikitoka kwa mwajiri. Mwaka 2024 mfuko huo na wamiliki wa hospitali binafsi walivutana hadharani kuhusu kitita kipya cha mafao kilichoanza kutumika Machi 1, na baadhi ya hospitali zikasitisha kwa muda kuwapokea wenye kadi. Mvutano ule ulihusu zaidi bei: mfuko ulitaka kulipa kidogo kwa kila kipengele, wamiliki wakasema viwango vingine viko chini ya gharama. Idadi ya vipengele katika cheti haikupata nafasi kubwa katika mjadala. Mtoa huduma aliyebanwa kwenye bei bado ana njia ya kufidia, nayo ni kuandika dawa ya nne.

Nchi nyingine zimejaribu dawa tofauti kwa maradhi haya, nayo ni kuweka wazi. Katika England, tangu Desemba 2011 huduma ya afya ya taifa hutoa kila mwezi orodha ya dawa zilizoandikwa na kila kliniki ya daktari wa mtaa: jina la dawa, kiasi na gharama. Majina ya wagonjwa hayamo. Mwaka uliofuata wachambuzi walioipekua orodha hiyo walikadiria kwamba zaidi ya pauni milioni 200 zingeweza kuokolewa kwa mwaka katika dawa za kupunguza lehemu pekee, endapo madaktari wangeandika dawa kwa jina lake la asili badala ya zile zenye hataza. Mwaka 2015 watafiti wa Oxford walizindua tovuti inayomwezesha mtu yeyote kulinganisha kliniki ya mtaani kwake na nyingine.

Takwimu hizo hazikuhitaji sensa mpya. Zilitokana na malipo: kila cheti kinacholipwa na fedha za umma kilishaingizwa kwenye kompyuta ili duka la dawa lilipwe. NHIF nayo hupokea fomu za madai kutoka kila kituo kilichosajiliwa, zikionyesha ugonjwa uliobainika, vipimo na dawa. Kwa maana hiyo jibu la swali kwamba ni zahanati gani huandika antibiotiki kwa kila mwenye mafua limo ndani ya mfuko tayari.

Ulinganisho wa namna hiyo una mitego yake. Zahanati iliyo karibu na kambi ya wazee au inayopokea wagonjwa wengi wa kisukari itaonekana ghali bila kosa lolote. Iliyo karibu na bonde linalofurika kila masika itaandika dawa za kuhara kuliko iliyo mlimani. Daktari anayeogopa kuanikwa anaweza pia kujifunza kuandika "nimonia" pale alipokuwa akiandika "mafua", na antibiotiki ikawa halali kwenye karatasi. Ndiyo maana England orodha hiyo haikutumika kama rungu la kuwafungia watu, bali msingi wa mazungumzo kati ya daktari na wenzake, akiulizwa kwa nini yeye huandika mara mbili ya jirani yake.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Kadiri watu wanavyoingizwa katika bima ndivyo vyeti vingi zaidi vitakavyopita katika kompyuta ya mlipaji mmoja, na ndivyo gharama ya dawa isiyohitajika itakavyohama kutoka mfuko wa mzazi mmoja mmoja kwenda kwenye mchango wa wote. Kwa asiye na bima hakuna fomu ya madai. Rekodi ya alichoandikiwa hubaki katika daftari la shule lenye jina lake juu ya jalada, analokwenda nalo zahanati na kurudi nalo nyumbani, na ambalo hakuna mtu mwingine anayelisoma.